Nimefuta neno "bure" kila mahali, mbona risiti zangu bado zinaenda spamu?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nauza blenda na vyombo vidogo vya jikoni mtandaoni. Mtu akishalipa tu mfumo unamtumia imeili ya asante, kesho yake unamwomba anipe nyota tano, halafu siku saba mfululizo anapokea ofa. Jamaa aliyeniuzia huo mpango alisema ukikaa kimya mteja anakusahau. Ripoti inaonyesha zaidi ya nusu wanafungua, ila wanaorudi kununua ni wachache mno, na sasa hivi hata risiti zinaangukia spamu, wateja wananipigia kuuliza kama hela imefika. Nimeondoa "bure", "ofa" na "punguzo" kwenye sabjekti, hakuna kilichobadilika. Mwingine ananishauri ninunue domeni mpya nianze upya, na ana listi ya imeili elfu kumi ananiuzia kwa bei nzuri. Nifanyeje? Dada yako, muuza blenda.

JIBU: Dada asante, umeeleza vizuri mpaka nusu ya jibu imo humo humo kwenye swali lako. Ila kabla ya yote hiyo listi usinunue, nitarudi huko.

Nianze na maneno, maana karibu kila anayekuja kwangu analia risiti ziko spamu anakuwa ameshapita huko kwanza. Ameshafuta "bure", ameshafuta alama za mshangao, mwingine anaandika "b.u.r.e" na vinukta katikati akidhani anaipoteza maboya kompyuta, kumbe hapo ndo anaonekana tapeli kabisa. Sikatai, imani hii ina pa kuanzia. Kuna vichujio vinavyopiga pointi, mfano SpamAssassin, barua inakusanya pointi kwa vitu mbalimbali na maneno yakiwemo, ikifika 5 kwa mpangilio wake wa kawaida inahesabiwa spamu. Watu wakachukua kipande hicho kimoja wakatengeneza orodha za "maneno hatari", na mpaka leo zinauzwa kama dawa. Lakini wateja wako wengi bila shaka wako Gmail, Yahoo na Outlook, na kitu kinachopewa uzito mkubwa huko ni sifa yako wewe mtumaji, yaani barua zako za nyuma watu walizifanya nini. Walizijibu? Walizitoa spamu wakazirudisha inboksi? Au walizifuta bila kuzigusa na wengine wakabonyeza ripoti spamu? Ndo maana duka linaloaminika linaweza kuandika BURE kwa herufi kubwa likaingia inboksi, na wewe ukaandika "Habari yako" peke yake ukaishia spamu.

Na hili halijafichwa. Masharti ya Google kwa watumaji yaliyoanza Februari 2024 yanasema kiwango cha watu wanaoripoti barua zako kama spamu kisifike asilimia 0.3, na wanashauri ukae chini ya 0.1. Asilimia 0.3 ni watu 3 kwenye barua 1,000. Watatu tu! Sasa wewe kila mteja anapata barua tisa ndani ya siku tisa hivi, kwa hiyo aliyechoka ana nafasi tisa za kubonyeza kile kitufe, na risiti zako kama ilivyo kwa wengi zinatoka domeni ileile na anwani ileile ya hizo ofa, kwa hiyo kosa linafanywa na ofa, adhabu inaliwa na risiti. Ukifuta maneno yote ya kamusi hilo halibadiliki.

Tuje kwa huyo aliyesema ukikaa kimya unasahaulika. Dada, mtu aliyenunua blenda jana kesho hahitaji blenda. Anachotaka kujua ni kwamba hela imefika, mzigo unatoka lini, na kikiharibika amtafute nani, basi. Wewe kesho yake unamwomba nyota tano kwa kitu ambacho bado kiko njiani kwenye boksi! Hapo hata aliyekupenda anaanza kukuona hujali, unachotaka ni namba. Halafu usiombe "nyota tano", omba maoni yake, akitoa tatu na sababu umefaidika zaidi. Na usije ukashauriwa kutoa zawadi kwa anayesifia tu, Marekani tangu Oktoba 2024 kanuni ya FTC, taasisi ya serikali inayolinda wanunuzi, inakataza kabisa kumlipa mtu kwa sharti maoni yake yawe mazuri, na hata pasipokuwa na kanuni huko ni kuwadanganya wanunuzi wanaokuja.

Hesabu siku kuanzia mzigo unapomfikia, achana na siku aliyolipa. Akilipa apate risiti papo hapo, humo uweke namba ya oda, alichonunua, alicholipa, kinapelekwa wapi, na namna ya kukupata, ofa usiingize hata moja. Mzigo ukitoka mwambie umetoka. Ukishafika, siku moja au mbili baadaye, mtumie kitu cha kumsaidia kukitumia. Kwa blenda mi ningeandika hivi:

"Sabjekti: Blenda ikivuja chini, angalia hapa kwanza.
Habari, natumaini blenda imekufikia salama. Kati ya kisu na jagi kuna mpira wa duara. Ukisahaulika wakati wa kuosha, au ukikaa upande, jagi linavujia kwenye mota. Ulaze vizuri kwenye nafasi yake halafu kaza kisu mpaka kigome. Ukikwama jibu barua hii hii, inanifikia mimi mwenyewe."

Imeisha. Haina linki, haina picha ya bidhaa nyingine, haina "usikose". Mtu akiipata siku ambayo jagi limemwagika mezani hakusahau tena, na wewe umekwepa blenda kurudishwa ikiwa nzima kabisa kisa mpira. Wengine watakujibu, na mtu akikujibu hiyo ni moja ya dalili nzuri kabisa kwa inboksi yake kwamba we ni mtu anayemtaka. Ndo maana ile anwani ya noreply naichukia, unamwandikia mteja halafu unamfungia mlango asiseme neno, akiwa na shida anakwenda kuisema hadharani kwenye maoni. Tumia anwani inayosomwa na mtu.

Maoni omba baada ya wiki mbili tatu akiwa ameshaitumia, swali moja, asipojibu mkumbushe mara moja ukome hapo. Ofa nazo zina nafasi yake, mpe aliyekubali kuzipokea, na iwe kitu kinachoendana na alichonacho, mfano ule mpira wa akiba au jagi la pili, tena baada ya muda ambao kweli anaweza kukihitaji.

Kitufe cha kujitoa usikifiche. Kuna watu wanakiweka chini kabisa kwa herufi za kijivu hafifu zisionekane wakidhani wanalinda wateja, matokeo yake asiyekiona anabonyeza kile cha spamu ambacho hakijifichi. Google na Yahoo wanawataka watumaji wakubwa, kwa Gmail ni wanaotuma kuanzia barua 5,000 kwa siku, waweke kujitoa kwa mbofyo mmoja na wamtoe mtu ndani ya siku 2. Wewe hujafika huko lakini weka tu, programu nyingi za kutuma zinayo tayari, ni kuwasha. Anayejitoa hajakukosea kitu, mwache aende, kesho anaweza kurudi dukani.

Hiyo "zaidi ya nusu wanafungua" nayo isikufariji. Inahesabiwa na kapicha kadogo kasikoonekana kaliko ndani ya barua, kakipakuliwa inaandikwa amefungua. Tangu Septemba 2021 programu ya Mail ya Apple, kwa aliyewasha ulinzi wake wa faragha, inapakua picha hizo yenyewe hata kama mtu hajaigusa barua. Kwa hiyo kwenye nusu yako huenda wamo watu ambao barua hawajaiona kabisa. Na hiyo ndo namba ambayo wauza mipango wanapenda kukuonyesha, kwa sababu inapendeza macho bila wao kufanya kazi yoyote. Angalia wangapi wamejibu, wangapi wamenunua mara ya pili, wangapi wameripoti spamu, na simu za "mzigo wangu uko wapi" zimepungua au zimeongezeka.

Upande wa mitambo kuna kitu kimoja ukague leo, hakikuchukui dakika kumi. Jitumie risiti kwenye Gmail yako, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vidoti vitatu pembeni ya barua, chagua kuona ujumbe asili. Juu utakuta mistari ya SPF, DKIM na DMARC, kila mmoja una neno kama PASS (imepita) au FAIL (imefeli). Mstari ukikosekana kabisa ujue hicho kitu hakijawekwa. SPF inasema seva gani zinaruhusiwa kutuma kwa jina la domeni yako, DKIM ni saini inayothibitisha barua haijachezewa njiani, DMARC inaangalia kama hizo mbili, au hata moja wapo, zinaendana na domeni ambayo mteja anaiona kwenye anwani ya mtumaji. Hapo mwisho ndo wengi wanaanguka, saini ipo na inapita lakini ni ya kampuni ya programu wanayotumia, ya kwao haipo. Ingia kwenye mipangilio ya programu yako utafute sehemu ya kuthibitisha domeni, watakupa mistari ya kuweka kwenye DNS, yaani rejista ya mipangilio ya domeni yako.

Kosa lingine nalikuta sana: mtu alikuwa na programu moja, akaongeza ya pili, kila moja ikampa mstari wake wa SPF naye akaweka yote miwili. Domeni inatakiwa iwe na mstari mmoja tu unaoanza na v=spf1, ikiwa miwili inahesabika ni kosa na SPF nzima inakufa. Unganisha kwenye mstari mmoja, na ukiongeza wengine kumbuka ukaguzi wake una kikomo cha kuuliza DNS mara 10. Ukiweza risiti zitoke kwenye sabudomeni yake, yaani tawi la domeni yako, na ofa kwenye yake, inasaidia zisichafuane, ila isiwe leseni ya kuendelea kusumbua watu, uchafu ukizidi unafika mpaka domeni mama.

Sasa hawa wauza njia za mkato, na hapa sisemi na wewe peke yako. Listi ya imeili elfu kumi ni watu elfu kumi ambao hawajawahi kukusikia. Humo kuna anwani zilizokufa, barua utakazozitumia zitarudi na kukuharibia sifa siku ya kwanza, na kuna mitego, anwani ambazo hazina mwenyewe na zimewekwa makusudi kunasa wanaotuma bila ruhusa, ukigusa hizo unaweza ukaingizwa kwenye orodha za kuzuiwa. Huyo muuzaji anajua. Ana listi ileile ameshawauzia wengine, na anayeumia sio yeye, jina linalochafuka ni lako. Kuna wanaokufundisha kuandika "Re:" kwenye sabjekti ili mtu adhani mlikuwa mnaongea, huo ni uongo wa mchana kweupe, na sheria ya Marekani ya CAN-SPAM ya 2003 imekataza sabjekti za kudanganya. Kuna wanaouza mashine za kufunguliana barua zenyewe kwa zenyewe eti kupasha domeni moto, yaani unalipa kutengeneza wasomaji hewa wakati una wateja wa kweli waliokupa hela yao na hujawajibu maswali yao. Wote hawa wanakuuzia kitu kimoja, namna ya kumfikia mtu bila kujali kama anataka kufikiwa, na vichujio vimetengenezwa kuzuia kitu hicho hicho, kwa hiyo kila ujanja una muda wake mfupi halafu unarudi ulipokuwa na hela imekwenda.

Domeni mpya pia hapana. Haina historia yoyote na vichujio vinaitilia shaka mpaka viizoee, na wateja wako wanaijua ile ya zamani, leo wakipata risiti ya hela yao kutoka jina wasilolijua watadhani wameibiwa. Halafu ukihama na tabia ileile utaichafua na hiyo.

Kwa hiyo leo zima zile barua za siku saba na ile ya nyota tano. Bakiza risiti, taarifa ya mzigo kutoka, na ile ya mpira wa blenda, na zipokelewe na walionunua karibuni tu. Kwenye ukurasa wa malipo andika kwamba risiti inakuja kwa imeili na ikienda spamu waitoe huko. Sifa hairudi kwa siku mbili, hesabu wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, usikate tamaa ukaanza tena ofa katikati. Na ukishaweka hiyo mistari kwenye DNS ukakuta bado kuna FAIL, nitumie ile mistari mitatu kama ilivyo, futa jina na anwani ya mteja kwanza, nitakuangalizia imekwama wapi.