Stika ya polisi kwenye kioo: niliilipia mara mbili

Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa Malindi, ndiyo kwanza kanunua Probox, aliniuliza wapi atapata stika ya polisi kama ile niliyokuwa nayo zamani. "Nasikia ukiwa nayo trafiki hawakusumbui," akasema. Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Si yeye wa kwanza kuniuliza, kwa hivyo namjibu hapa kwa kirefu, yeye na wenzake.

Yangu niliipata mwaka 2018. Kulikuwa na mechi ya hisani kati ya askari na wafanyabiashara, mchango shilingi elfu mbili, na ukichanga unapewa stika: ngao ya buluu, maandishi ya rangi ya dhahabu, "Rafiki wa Polisi". Nikiri tu, mpira sikuwa na habari nao. Nilichanga kwa ajili ya stika. Wakati huo nilikuwa na Noah, nabeba wageni kwenda Watamu na magofu ya Gede, na wengine nawafikisha uwanja wa ndege Mombasa. Barabara hiyo siku ikiwa mbaya unasimamishwa mara nne kabla hujafika Mtwapa. Elfu mbili nikaiona kama chai ya mapema: nilipe mara moja, nisilipe tena.

Nikaibandika kioo cha mbele, jirani na stika ya bima, mahali ambapo jicho la askari huanzia.

Wiki tatu za mwanzo nilitamba. Hakuna aliyenisimamisha. Nikawaambia wenzangu stendi kwamba dawa imepatikana, na wawili wakaenda kuulizia zao. Leo nikikumbuka naona haya, kwa sababu ilikuwa Mei, mvua ya masika inapiga, wageni hakuna, na safari zangu zote wiki hizo hazikuzidi tano. Halafu hata kabla ya stika nilikuwa naweza kumaliza mwezi bila kusimamishwa. Ila mtu akishanunua hirizi, kila siku asiyoumwa ataihesabu kuwa kazi ya hirizi.

Siku ya siku ikafika pale njia panda ya Gede, unapokata kuelekea Watamu. Nina wazee wawili Waitaliano, mume na mke, na taulo zao za pwani. Afande wa kike akanyoosha mkono, nikaegesha. Akaja taratibu, hakuja dirishani kwangu, akaenda upande wa pili wa kioo. Akainama kuisoma stika.

"Hii umepewa wapi?"

Nikamweleza habari za mechi, kwa sauti ya mtu wa nyumbani. Akatikisa kichwa kama anayesikiliza hadithi nzuri. Kisha akasema ile ncha ya chini ya ngao imefunika tarehe ya bima, hawezi kuisoma. Akaniomba nishuke. Nikaikwangua ile ncha kwa ukucha, naye amesimama begani kwangu, na tarehe ikatoka kidogo kidogo kama mtoto anayechungulia mlangoni.

"Rafiki yetu," akasema, "bima yako imekwisha jana."

Nilikuwa nakata bima ya mwezi mmoja mmoja, kama tufanyavyo wengi wenye gari za biashara na mfuko mwembamba. Na sababu ya kusahau ilikuwa ileile stika. Zamani kila asubuhi nikifuta kioo macho yangu yalipita juu ya tarehe. Nilipobandika ngao, nikaiziba kwa mkono wangu mwenyewe.

Wale wazee nikawatafutia tuktuk hadi Watamu na nauli nikalipa mimi. Gari ikaenda kituoni. Nikatoa dhamana ya pesa taslimu, kesho yake nikasimama mahakamani Malindi, nikakiri kosa, nikapigwa faini ya elfu kumi na tano. Yule afande simlaumu hata kidogo. Fikiria ningegonga mtu siku ile bila bima.

Mwenye akili angeibandua hapohapo. Mimi niliitoa mbele nikaipeleka kioo cha nyuma. Elfu mbili ni elfu mbili.

Jirani yangu mtaani Shela ni askari wa trafiki mstaafu. Jioni baada ya Isha huwa tunakaa barazani na kahawa chungu, na nilipomsimulia alinitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "askari mwenyewe habandiki. Ana kadi ya kazi mfukoni, akisimamishwa anaitoa. Mimi nikiiona stika nilikuwa nauliza tu, uko kituo gani? Mtu akibabaika, namwambia afungue buti." Akaendelea kunieleza anachokiangalia askari gari ikiwa bado mita hamsini: taa, tairi za mbele, gari limekaa chini kiasi gani kwa mzigo, na kama dereva amevuta mkanda dakika hiyohiyo alipoona kizuizi. Mkono unaovuta mkanda huonekana mbali sana, alisema. Na jambo jingine, askari huhamishwa. Aliyekuuzia stika Malindi leo, mwakani huenda yuko Turkana, na aliyekuja mahali pake hajui mechi yenu wala mabao yake.

Kule Marekani, ambako stika za namna hii ndiko kwao, mambo ni ya daraja mbili, na tofauti yake inafundisha. Kuna stika anayopewa au kununua yeyote aliyechangia chama cha polisi. Halafu kuna kadi ambazo vyama vya polisi vya New York huwagawia wanachama wawape ndugu na marafiki, waionyeshe wakisimamishwa ili waachiliwe. Kadi ina uzito kwa sababu nyuma yake yuko askari anayejulikana, anayeweza kuulizwa. Uzito huo umewaletea balaa pia: mwaka 2023 askari mmoja wa trafiki wa Staten Island aliushtaki mji, akidai aliadhibiwa na wakubwa wake kwa kuwaandikia faini watu wenye kadi, na mwaka 2024 mji ukakubali kumlipa dola 175,000. Kwa hivyo hata huko, kinachofanya kazi ni kujuana. Stika haimjui mtu. Na kujuana kwenyewe, sisi watu wa Pwani tusijifanye hatukuelewi.

Basi kijana wangu wa Probox, ile elfu mbili ifanyie hivi. Nunua balbu za akiba za breki, maana usiku taa moja ikifa wewe hujui, anajua aliye nyuma yako. Rudisha gari ukutani uone mwanga pande zote mbili. Tarehe ya bima iweke kwenye simu, ilie siku tatu kabla. Leseni iwe karibu. Kushindwa kuitoa ukiulizwa ni shilingi 1,000 katika kanuni za makosa madogo za mwaka 2016. Mkanda ni 500, simu mkononi ni 2,000. Kasi ndiyo inayopanda kama homa: ukizidisha kilomita 6 hadi 10 kwa saa ni 500, 11 hadi 15 ni 3,000, 16 hadi 20 ni 10,000. Na wengi wetu hatukamatwi njia nyeupe, tunakamatwa tunapoingia mji na 80 yetu, pale penye kibao cha 50, mama anavuka na ndoo.

Ukisimamishwa, zima muziki, teremsha kioo, mikono ionekane, salamu ije kabla ya hati. Kama una kosa sema unalo. Nimeandikiwa mara chache, lakini nimeonywa na kuachiliwa mara nyingi, na karibu zote ni siku nilizokiri mapema. Kama huna kosa, uliza kwa upole ni lipi, na uombe liandikwe. Sitajifanya malaika, chai nimeshatoa, tena zaidi ya mara moja. Lakini Sheria ya Hongo ya 2016 inambana mtoaji sawa na mpokeaji, na ukishatoa huna tena mdomo wa kulalamika. Ukionewa kweli, ipo IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi. Andika namba ya askari, mahali na saa. Na kofia ya polisi kwenye dashibodi, au koti lao la kuakisi juu ya kiti, achana navyo kabisa. Kuwa na sare ya polisi bila idhini ni kosa peke yake, usianze safari nalo.

Stika yenyewe iliisha hivi. Mwaka uliofuata tulikuwa na harusi Lamu. Nikapakia mke wangu, mama mkwe, masinia na mikeka, twende mpaka Mokowe tuache gari tuvuke kwa boti. Garsen tukamchukua shemeji yangu, mwenyeji wa Hindi, mji wa huko huko Lamu bara. Akazunguka nyuma kutia begi, akasimama.

"Shemeji, gari hii mimi siipandi."

Nikadhani masihara. Akanionyesha ngao. Tangu mji wa Mpeketoni, huko Lamu, ushambuliwe Juni 2014, barabara ile ya kwenda Lamu imeona mabomu ya kutegwa ardhini, na yaliyokuwa yakilengwa sana ni magari ya askari. Magari ya raia yalikuwa yanasubiriana yaende kwa msafara na kusindikizwa. "Wewe wamkimbia trafiki," akasema, "na huko porini wajitangaza kuwa mwenzao askari."

Mama mkwe alikuwa ameshateremka.

Tukaomba mafuta ya taa kidogo katika duka la jirani, shemeji akatoa wembe, tukakwangua wawili kwa zamu, jua la Garsen kichwani, mpaka ikabaki gundi tu. Kizuizi cha Gamba afande alikagua vitambulisho vyetu kimoja kimoja, akachungulia buti, akauliza masinia ni ya nani. Mama mkwe akamjibu. Akatuonyesha mahali pa kupanga foleni ya msafara.