Umeme Ukirudi, Usikimbilie Swichi: Kulinda Kompyuta na Kazi Zako Dodoma

Watu wanaoniletea kompyuta zilizoungua huanza maelezo kwa namna ileile: "Fundi, umeme ulikatika." Mimi huwauliza swali moja. Mashine ilikufa umeme ulipokatika, au uliporudi? Mara nyingi wanafikiri kidogo, kisha wanajibu: uliporudi.

Natengeneza kompyuta hapa Dodoma. Wateja wangu ni wenye stesheneri wa Nkuhungu na Majengo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) waliobeba utafiti wao wote ndani ya laptopu moja, watumishi waliokuja na ofisi zao baada ya Serikali kutangaza kuhamia huku mwaka 2016, na walimu wa Bahi na Kongwa wanaofika na mashine ya shule ndani ya boksi la sabuni. Hali zao za maisha zinatofautiana, lakini mashine zao zinakufa kwa sababu mbili zilezile, umeme na joto. Na sehemu kubwa ya vifo hivyo inazuilika kwa gharama ndogo sana, ndiyo maana inaniuma kila nikiona mtu anapoteza kazi ya miaka.

Tuanze na umeme. Ukikatika, mtaa mzima unaacha vitu vimewashwa: friji, pampu za maji, feni, pasi. Ukirudi, vyote vinavuta kwa mpigo, na mota yoyote inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida. Kwa hiyo umeme unashuka, unaruka juu, wakati mwingine unakatika tena na kurudi ndani ya dakika hiyohiyo. Hapo ndipo pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, zinapopasuka.

Dawa yake haina gharama. Umeme ukikatika, chomoa plagi. Ukirudi, acha taa moja ikiwaka, iangalie kwa dakika tano hadi kumi. Ikitulia bila kufifia wala kung'aa kupita kiasi, chomeka. Nasema chomoa, sisemi zima swichi ya ukutani. Swichi ile hukata waya mmoja tu, na katika nyumba zilizofungwa nyaya ovyo, huwa inakata waya usio sahihi.

Kuna hatari nyingine ambayo watu hawaifahamu, na ndiyo inayounguza vitu vya nyumba nzima kwa siku moja. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230, lakini kwenye nguzo zinapita nyaya tatu za moto, na kati ya waya mmoja wa moto na mwingine kuna volti 400. Kinachofanya nyumba yako ipate 230 ni waya wa nutro, ule wa kurudishia umeme. Nutro ikilegea au ikikatika, nyumba zinaanza kugawana zile 400 bila mpangilio, na nyumba yenye matumizi madogo ndiyo inayopata umeme mkubwa kuliko zote. Dalili zake: baadhi ya taa zinang'aa mno huku nyingine zimefifia, au unawasha pasi halafu taa ya chumba cha pili inaongeza mwanga. Ukiona hivyo usisubiri. Zima meini swichi, kisha piga simu ya dharura ya umeme.

Sasa hapa watu wengi wanajiona salama kwa sababu wana ekstensheni iliyoandikwa kwamba inazuia mruko wa umeme. Nimefungua nyingi za bei ya chini. Ndani nakuta vipande virefu vya shaba, swichi, na kitaa chekundu, basi. Nyingine hata tundu la juu, lile la ethi (waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini), halijaunganishwa na waya wowote. Zile za kweli zina kidude cha duara, mara nyingi cha bluu, ambacho umeme ukiruka ghafla hukinyonya kile kilichozidi na kukielekeza pembeni. Kinafanya kazi hiyo vizuri, ila kwa mruko wa sehemu ndogo sana ya sekunde. Umeme wa volti 300 ukikaa nusu saa, kinaungua chenyewe. Tena kila kinapopokea mruko kinachoka kidogo, mpaka siku kinakufa kimyakimya na ekstensheni inaendelea kupitisha umeme kama kawaida. Ndiyo maana zilizo nzuri zina kitaa cha kuonyesha kinga bado ipo. Kikizima, nunua nyingine.

Ukiwa na pesa ya kifaa kimoja tu, ushauri wangu ni gadi, ile ambayo madukani wanaiita gadi ya friji au ya TV. Gadi inapima umeme: ukizidi au ukipungua mno inakata, na ukirudi inasubiri dakika kadhaa kabla ya kuuruhusu upite. Yaani ile kazi ya kusimama na kuangalia taa inakufanyia yenyewe, hata ukiwa kazini. Stabilaiza, kifaa cha kusawazisha umeme, sikatai, lakini kwa laptopu huihitaji kwa ajili ya umeme mdogo. Geuza chaja yako usome kibandiko: karibu zote zinapokea volti 100 hadi 240. Umeme mdogo hauisumbui chaja hiyo, umeme mkubwa ndio unaoiua. Wenye kompyuta za mezani za zamani, tazameni nyuma ya pawa saplai kama kuna kiswichi chekundu cha kuchagua 115 au 230. Kikae kwenye 230 siku zote. Mtoto akikisogeza kwenye 115 mkawasha, mtasikia mlio.

Kuhusu ethi, nina neno maalumu kwa watu wa kanda hii ya kati. Udongo wetu ni mkavu kuanzia Mei hadi Novemba, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Fimbo ya ethi iliyopigwa futi chache kwenye ardhi ngumu kama ya Singida au Dodoma inaweza kuonekana safi machoni na isisaidie chochote mwezi wa Oktoba. Mafundi wazuri huichimbia chini zaidi, wakazungushia mkaa na chumvi ili unyevu ukae. Chumvi nayo hula chuma taratibu, kwa hiyo inataka kukaguliwa. Mwambie fundi umeme aje na kipimo cha ethi akupe namba, asikuambie tu kwamba iko sawa.

UPS, lile boksi lenye betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika, ni ya wenye kompyuta za mezani, na kazi yake ni kukupa dakika za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu, siyo kuendelea kuchapa. Usichomeke printa ya leza humo; inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla na UPS ndogo haiwezi kuubeba. Na betri yake haipendi joto hata kidogo. Betri ya aina ile ikikaa kwenye nyuzi joto 25 inaweza kufika miaka mitatu hadi mitano. Chumba kikipanda nyuzi 10 zaidi, umri wake unapungua karibu nusu. Ijaribu mara kwa mara kwa kuchomoa plagi yake ukiwa huna kazi ya maana kwenye skrini.

Radi za Desemba hadi Aprili hazina mjadala. Chomoa kila kitu mawingu yakikusanyika, kabla ngurumo hazijafika juu yako, pamoja na waya wa intaneti na ule wa dishi, maana radi huingia kwa njia hizo pia. Ikishakuwa juu ya nyumba, usishike waya tena.

Joto ni adui wa aina nyingine. Haliui kwa siku moja, na kwa sababu hiyo watu hawalitilii maanani. Hapa kwetu linakuja pamoja na vumbi. Upepo wa kiangazi unapuliza vumbi jekundu linalopita chini ya mlango, kwenye nyavu za dirisha, kila mahali, na feni ya kompyuta kazi yake ni kuvuta hewa, kwa hiyo inavuta na vumbi hilo. Nikifungua mfuniko wa chini wa laptopu iliyokaa miaka miwili Dodoma bila kusafishwa, kati ya feni na zile mbavu nyembamba za shaba nakuta blanketi la vumbi lililoshikana na nywele na nyuzi za nguo. Nalivuta kwa kibano linatoka zima, kipande kimoja. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zote na hewa haipiti.

Mashine ya namna hiyo ina tabia zake. Feni inapiga kelele muda wote. Mchana inakuwa nzito, usiku inachangamka. Inazima yenyewe katikati ya kazi kubwa. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi ili isiungue, na ikizidi hapo inazima. Wenye mashine hizi huambiwa ni virusi, au waongeze RAM, wakatoa pesa, na tatizo likabaki palepale. Safisha kwanza.

Kusafisha kwenyewe kuna utaratibu. Zima, chomoa chaja, tenganisha betri. Toka nje ya nyumba. Tumia brashi laini ya rangi na blowa, na uzuie mapanga ya feni kwa kijiti yasizunguke, kwa sababu ukiipuliza ikazunguka kwa kasi unaharibu bearingi, na feni inayozunguka inaweza kuzalisha umeme ukarudi kwenye bodi. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Kama peisti iliyo juu ya prosesa, ile dawa nzito ya kupitisha joto, imekauka na kupasuka, ifute yote, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Mwenye ofisi iliyo kando ya barabara ya vumbi afanye hivi kila baada ya miezi michache. Wengine angalau mara moja kwa mwaka, na wakati mzuri ni Septemba, kabla joto la Oktoba na Novemba halijaanza.

Chumba nacho kina sehemu yake. Laptopu nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Chumba cha bati kisicho na dari, saa nane mchana mwezi wa Novemba, kinaipita namba hiyo. Kama dari bado haijawezekana, hamisha meza kutoka ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la jioni, fungua madirisha ya pande mbili, na kazi nzito zifanye asubuhi. Kompyuta ya mezani iinue kutoka sakafuni. Usifagie ikiwa imewaka, piga deki. Na vile vitambaa vya kufuma ambavyo mama zetu hufunikia kompyuta ili zipendeze, vinafaa sana kuzuia vumbi, ila vifunikwe mashine ikishazimwa na kupoa. Laptopu usiiweke juu ya godoro wala mto, matundu ya hewa yako chini. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Na usiipoze kwenye friji, itatoka na maji ndani.

Ukiona padi ya kipanya imeinuka, au mfuniko haufungi vizuri, betri imevimba. Acha kuichaji siku hiyohiyo na usijaribu kuitoboa.

Nimeacha data mwisho, ingawa ndiyo ninayoijali zaidi. Mama mmoja mwenye stesheneri aliniwekea mashine mezani, imeungua pawa saplai, akaniambia, "Fundi, mashine nitanunua nyingine hata ya mtumba. Ila mle ndani kuna picha za harusi za watu, na wamekwisha kulipa." Kwake tulibahatika, diski ilikuwa nzima. Mara nyingi inakuwa hivyo: pawa saplai au bodi inaungua, diski inabaki. Lakini huwezi kuendesha biashara kwa kutegemea hilo.

Weka nakala tatu: moja kwenye mashine, moja kwenye diski ya nje, moja mahali pengine kabisa. Hii ya pili, ukimaliza kunakili, ichomoe. Nimeona diski za nje zilizoungua pamoja na kompyuta kwa sababu zilikuwa zimechomekwa mwaka mzima, mruko ukapita kwenye waya wa USB ukazimaliza zote mbili. Ya tatu inaweza kukaa nyumbani kwa ndugu mtaa mwingine, au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Google inatoa GB 15 bure, zinatosha kabisa kwa tasnifu, hesabu za duka na alama za wanafunzi. Kama bando ni tatizo, pandisha mafaili ya kazi tu, picha zibaki kwenye diski. Flashi ni ya kubebea, usiifanye ghala. Na mara mojamoja fungua faili kutoka kwenye nakala uone kama linafunguka.

Diski ikianza kugonga tik tik, zima hapohapo. Kila dakika unayoiacha ikizunguka inajikwangua zaidi.

Wenye Windows 11, laptopu nyingi mpya zinafunga diski kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, bila wewe kujua. Bodi ikiungua, fundi anaweza kuichomoa diski ikiwa salama na asisome hata herufi moja bila ufunguo wa tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft leo, utafute ufunguo huo, uuandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Na siku ukimpelekea fundi mashine, kabla hujamkabidhi, mwambie waziwazi asifomati kitu chochote mpaka awe ametoa mafaili yako na wewe mwenyewe umeyaona yanafunguka. Mwandikie hivyo kwenye risiti, na namba yako ya simu chini yake.