Uliza Fundi: Nataka pikipiki yangu ikonde

*Fundi, shikamoo. Nina Honda CB400 Super Four iliyotumika Japani. Naishi Goba, kazini ni Posta. Naipenda, ila nzito: kwenye foleni nikiisukuma kwa miguu najuta. Rafiki yangu anasema nifunge rimu nyepesi na betri ya lithiamu, itakuwa kama baiskeli. Kariakoo nimeonyeshwa rimu, muuzaji anaapa ni za kufuliwa, na bei si mbaya. Nianzie wapi? Msomaji wa Goba.*

Marahaba, mwanangu. Anzia kwenye stendi. Inyanyue pikipiki, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Likizunguka nusu duara na kusimama, ugonjwa wako si uzito, mara nyingi ni kalipa ya breki (kile kibano kinachoshika diski) iliyoganda, pistoni hairudi. Pikipiki za mtumba zilizokaa muda mrefu bandarini na kwenye yadi zina maradhi hayo sana. Halafu pima upepo, angalia cheni kama imekauka, sikiliza beringi. Nimeshaletewa gereji "pikipiki nzito" ikaondoka inasukumwa kwa kidole kimoja, na nilichotumia ni brashi, mafuta ya breki na saa mbili.

Nakwambia hivi kwa sababu rimu hazitakusaidia kwenye foleni. Mashine yako ikiwa na mafuta inakaribia kilo 200. Seti nzuri ya rimu itakuokolea kilo chache tu, na miguu yako haitajua. Tangi la lita 18 likijaa, petroli peke yake ni kama kilo 13; ukitembea na nusu tangi umepunguza zaidi ya 6 bila kumlipa mtu. Bampa la chuma, karia, boksi lenye koti la mvua na spana usizojua kazi yake, ng'oa vyote upime. Mimi huazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani yangu wa vyuma chakavu hapa Tandale. Mteja mmoja tulimtolea kilo 11 za makorokoro, akabaki anayatazama kama si yake.

Haya, tuje kwenye rimu, maana rafiki yako hajakosea, amekosea sababu tu. Kilo hazilingani. Kilo 1 iliyokaa kwenye tangi inakwenda mbele, basi. Kilo 1 iliyokaa ukingoni mwa gurudumu inakwenda mbele na wakati huohuo inazunguka, kwa hiyo ukiondoka kwenye taa za Mwenge injini inaisikia karibu kama kilo 2. Ukifunga breki, hivyohivyo. Na kuna la pili ambalo kwa barabara zetu nalipenda zaidi: rimu, tairi na diski havibebwi na springi. Springi zinakubeba wewe. Gurudumu linapokea kipigo lenyewe. Ukipita kwenye rasta huku umeshika breki, gurudumu zito likirushwa linachelewa kurudi kwenye lami, na tairi lililo hewani halina breki. Jepesi linarudi upesi.

Hujaniamini? Siku ukifungua gurudumu la mbele, lishike kwa ekseli kwa mikono miwili, mwenzio alizungushe kwa nguvu, kisha jaribu kulilaza upande. Linakugomea. Mgomo huo ndio unaopambana nao kila unapoilaza pikipiki kwenye kona, na gurudumu jepesi linagoma kidogo.

Sasa hizo za Kariakoo. Rimu ya kufuliwa (si kama nguo) imetokana na bonge la alumini lililogandamizwa kwa nguvu kubwa mno, ndiyo maana inaweza kuwa nyembamba na bado ngumu. Ya kusubu imemiminwa kwenye kalibu. Rimu nyingi zinazotoka na pikipiki kiwandani ni za kusubu na hazina kosa, mradi zina nyama ya kutosha. Hatari ni ya kusubu iliyokondeshwa ili iitwe ya kufuliwa. Mwaka 2009 nilinunua moja kwa muuzaji ambaye simtaji. Wiki ya tatu, shimo moja la Kimara, upepo ukatoka fyuu, nikaburuza mguu hadi pembeni. Ufa wa urefu wa kidole. Niliikata kwa msumeno: ndani ina vitundu kama kitumbua. Kwa hiyo tafuta jina la mtengenezaji na namba ya upana, kama MT3.50, vilivyogongwa kwenye chuma chenyewe. Stika hata mimi nachapisha. Uliza pia kama inaingia na ekseli yako, diski zako, na kama ya nyuma ina raba ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Bila raba hizo kila ukivuta moto kishindo kinakwenda kwenye giaboksi.

Zipo za magnesiamu, nyepesi kuliko alumini, lakini upepo wa chumvi wa huku pwani ukipata mahali rangi imebanduka, unazila. Za kaboni wanatengeneza Afrika Kusini, BST, nzuri sana, ila seti moja inaweza kulingana na bei ya mashine yako nzima. Kwa safari ya Goba hadi Posta? Mimi nisingenunua. Ningenunua tairi nzuri, maana nazo hutofautiana uzito na ziko ukingoni kabisa, na cheni ikiisha ningefunga ya saizi 520, nyembamba na nyepesi kidogo, na sproketi zake. Sproketi ya nyuma iwe ya chuma. Ya alumini nyepesi lakini inaliwa mapema.

Betri ya lithiamu itakupunguzia kilo 2 hivi, tena sehemu ya juu ya pikipiki, si mbaya. Lakini kwanza weka mita kwenye betri ya sasa, injini ikizunguka kwa kasi. Ikisoma zaidi ya volti 14.6, regyuleta (kidhibiti cha umeme unaochaji betri) huenda ni mbovu, na lithiamu ikilishwa kupita kiasi inaweza kuwaka chini ya kiti chako.

*Fundi, mimi ni bodaboda Mbagala. Nimetoa rimu za spoki kwenye Boxer nikafunga za sport, zile za kipande kimoja zisizo na spoki, ili iwe nyepesi. Mbona sioni tofauti? Dereva wa Mbagala.*

Kwa sababu mara nyingi hizo si nyepesi kuliko spoki, zinapendeza tu. Spoki ikipinda, fundi wa pembeni ananyoosha. Hiyo ya sport ikipasuka unanunua nyingine. Kama zile za zamani bado unazo, usiziuze. Na ndugu yangu, jioni nawaona mnapita hapa mmepakia mishikaki, abiria watatu na begi. Unatafuta kilo gani kwenye rimu?