Jibu: Kompyuta ya zamani inapoteza tarehe, na sasa kioo ni cheusi

Assalaam alaykum ndugu yangu wa Wete. Umeeleza kuwa kompyuta yako ya Pentium 4 hurudi mwaka 2002 kila umeme ukikatika, na sasa feni inazunguka lakini kioo hakionyeshi kitu.

Tarehe ni kazi ya betri ya duara, CR2032, iliyomo kwenye bodi (ubao mkuu wa saketi ndani ya kompyuta): ikiwa mpya hutoa volti 3, ikishuka chini ya 2.7 ibadilishe.

Kioo cheusi, kwa mashine zetu za pwani, nakishuku kwanza kwenye RAM, yaani kijibao cha kumbukumbu kinachochomekwa kwenye bodi. Niliwahi kuchomoa moja hapa Mkunazini nikakuta meno yake yameota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi. Niliyasugua taratibu kwa raba ya penseli, nikayafuta kwa spiriti, nikairudisha, nayo ikawaka. Chomoa waya wa umeme kabla hujagusa chochote.

Ikikataa, tazama kapasita (vikopo vidogo vya kutunza umeme) zinazoizunguka prosesa, ubongo wa kompyuta, kwa sababu bodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitiwa kapasita mbovu ambazo vichwa vyake huvimba na kutoa ute wa kahawia. Nakusihi usinunue RAM mpya kabla ya kuzikagua, kwani bodi ya namna hiyo huweza kuikataa hata RAM iliyo nzima.