Kupima ulaji wa umeme: usizidishe volti kwa ampea

Ndugu, umesema balbu yako ya LED imeandikwa wati 9, ukapima kwa multimita ukapata ampea 0.075, ukazidisha kwa volti 230 ikaja 17, na sasa unahisi umetapeliwa. Subiri kwanza. Nami nilikwama hapohapo nilipoanza kupima taa. Balbu hizi huvuta mkondo kwa vipindi vifupi, hazifuati volti inavyopanda na kushuka, kwa hiyo hiyo 17 ni volti-ampea (zao tu la volti na ampea), si wati, yaani umeme unaoliwa hasa. Tumia kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi. Balbu yangu kama hiyo yako ilisoma 9 kamili.

Lakini wati ni nusu ya habari. Ufanisi wa taa ni lumeni (kipimo cha mwanga wote unaotoka) kwa kila wati: balbu ya zamani ya wati 60 hutoa lumeni 800 hivi, yaani 13 kwa wati, na LED nyingi za sasa hufika 100. Maabara hupima kwa tufe kubwa lililopakwa rangi nyeupe ndani. Mimi nimepaka boksi nyeupe, nikatoboa tundu la kihisi cha mwanga cha simu, na mbele yake nikaweka kipande cha karatasi ngumu ili mwanga usikipige moja kwa moja. Kwanza niliwasha balbu ninayoiamini ya lumeni 800, simu ikasoma 410. Kisha nikaweka ile ya wati 9, yenye umbo lilelile: 370. Hiyo ni kama lumeni 722 (370 gawa kwa 410, mara 800), au 80 kwa wati, wakati pakiti ilidai 900. Hapo ndipo penye utapeli! Na usisome mapema. Iache iwake nusu saa, maana mwanga hushuka kadiri inavyopata joto.

Televisheni inataka subira zaidi. Kioo cha OLED, ambacho kila nukta yake hujiwakia yenyewe, hula kulingana na picha: yangu ilikuwa wati 60 kwenye filamu ya usiku, ikaruka hadi 140 theluji ilipojaa kiooni. Nilipofunika kihisi cha mwanga wa chumba kwa kiganja, namba ikaporomoka. Ndiyo maana IEC 62087, kanuni ya kimataifa ya kupima ulaji wa umeme wa televisheni, ina video yake maalumu. Wewe zima kihisi hicho, cheza video ileile kila mara, usome wati-saa (jumla ya umeme ulioliwa) za saa nzima.

Ukileta namba zako, taja pia hali ya picha na kiwango cha mwangaza ulichoweka, tuzilinganishe na zangu.