Ukianza kusoma meno ya papa, geuza taya kwanza

Ukipewa taya la papa mkononi kwa mara ya kwanza, acha yale meno yaliyosimama mbele. Ligeuze, tazama upande wa ndani. Utakuta safu kadhaa zimelala moja nyuma ya nyingine zikingoja zamu, na mwisho kabisa vijino laini ambavyo bado havina mzizi. Katika kufundisha nimeona kuwa anayeanzia huku huelewa mengine yote haraka.

Jino la papa halikupandwa kwenye shimo la taya kama letu. Limeshikwa na nyuzi za ufizi tu, na meno husogea polepole kutoka ndani kuja ukingoni. Likifika husimama, likafanya kazi, kisha likalegea na kudondoka. Usidhani papa husubiri jino livunjike ndipo aote jingine. Hata jino zima huondoka.

Kuhusu kasi, nakusihi usikariri namba moja. Kwa Negaprion brevirostris (papa aitwaye kwa Kiingereza lemon shark) wachanga, safu hubadilishwa kwa takriban siku 8. Kwa Ginglymostoma cirratum (nurse shark) huweza kuchukua siku 9 hadi 21 majira ya joto, na maji yakipoa hata miezi 2. Basi kila usomapo kasi fulani, uliza: papa wa aina gani, wa umri gani, katika maji ya joto kiasi gani? Wengi hupoteza jino mojamoja. Isistius, papa mdogo aitwaye kwa Kiingereza cookiecutter shark, yeye huachia safu nzima ya chini kwa pamoja, na huimeza.

Wanagenzi wengi hukwama kwenye kuhesabu. Papa mmoja huangusha maelfu ya meno maishani, na kiunzi chake, kwa kuwa ni gegedu wala si mfupa, huoza upesi. Ndiyo maana visukuku vingi vya papa, yaani mabaki ya kale yaliyohifadhiwa mwambani, ni meno. Rundo la meno si ushahidi kwamba papa wengi walifia hapo. Mzizi mzima nao si dalili kwamba jino liling'olewa kwa nguvu, maana papa hudondosha jino na mzizi wake.

Tena kinywa kimoja kina maumbo mbalimbali. Papa mweupe ana meno mapana ya pembetatu juu, membamba zaidi chini. Nimeona yakipewa majina ya spishi mbili. Kabla hujang'oa jino lolote kwenye taya, andika: juu au chini, kulia au kushoto, la ngapi kutoka katikati.