Sukari ya damu inaweza kuendesha roboti mwilini?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Vifaa vinavyopandikizwa mwilini nafasi yake kubwa huliwa na betri, na damu imejaa sukari. Kwa nini roboti ndogo ya tiba isijilishe humo humo, kama seli zetu?

JIBU: Marahaba. Sukari ipo tele, na mwili huijaza kila tunapokula. Kazi ni kuivuna. Seli huivunja glukosi, yaani hiyo sukari ya damu, hatua kwa hatua hadi kupata elektroni (chembe zinazobeba umeme) 24 katika molekuli moja. Betri ya sukari, yaani elektrodi mbili zilizopakwa vimeng'enya, kwa kawaida huambulia 2 tu, na kilichobaki hupita zake. Isitoshe, elektrodi ya pili hutaka oksijeni, ambayo katika majimaji ya mwili ni haba kuliko sukari.

Mwaka 2010 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliipandikiza betri ya aina hiyo ndani ya panya, ikatoa mikrowati 6.5. Kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo hutumia kama 10, kwa hiyo hawakuwa mbali. Ila umeme huo hutegemea eneo la elektrodi: fupisha kila upande mara 10, eneo linapungua mara 100. Ukifika kwenye ukubwa wa chembe ya damu, hakuna mota utakayoizungusha. Na vimeng'enya ni protini, huchakaa.

Kwa roboti ndogo kiasi hicho, mimi ningeachana na umeme kabisa. Kundi la mtafiti Samuel Sánchez, Barcelona, hupaka chembe ndogo sana kimeng'enya kinachovunja yurea, taka iliyomo kwenye mkojo. Ndani ya kibofu mkojo wenyewe ndio mafuta, na mmenyuko huo ndio unaozisukuma. Mwaka 2024 walieleza kwamba chembe hizo, zikiwa zimebeba iodini yenye mionzi, zilipunguza uvimbe wa saratani ya kibofu kwa karibu asilimia 90. Ni kwa panya, tusisahau.

Mtafiti Sylvain Martel wa Montreal, Kanada, alichukua njia ninayoipenda zaidi: bakteria wenye chembe za sumaku za asili, wanaoogelea wenyewe kuelekea penye oksijeni kidogo, kama ndani ya uvimbe. Unawabebesha dawa, unawaongoza kwa sumaku. Injini na tangi vimekuja vimeshafungwa.

Kamera ya kumeza, hiyo iachie betri yake. Kupiga picha na kuzirusha kwa redio hula makumi ya miliwati, maelfu ya mara ya walichopata kwa panya wa Grenoble.